Mashine ya Maziwa Isiyopumzishwa

Ukifika mji wa Kovai ukamuulizia Marudachalam, watu watataka kujua ni yupi, maana wako wengi. Sema yule mwenye hasira. Watakupeleka mpaka mlangoni kwake, na njiani watakupa pole.

Hasira yake haikuwa ya kurusha sahani wala ya kupiga mke. Ilikuwa hasira ya fundi. Aliweza kukaribishwa kahawa nyumbani kwa mtu, akaona waya wa friji na waya wa pasi vimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na kahawa akaiacha hapo hapo. "Nani kafanya upumbavu huu?" Siku moja aliuliza hivyo nyumbani kwa baba mkwe wake, mbele ya wageni, na aliyefanya upumbavu alikuwa baba mkwe mwenyewe. Hakualikwa tena mpaka mvua zilipopita na kurudi.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, enzi zile king'ora cha kiwanda ndicho kilichoamsha mji mzima, si hizi simu zinazolia chini ya mito kama kuku waliobanwa. Marudachalam alisoma ufundi umeme, akapata cheti, akaajiriwa kwenye karakana ya mzee Rangaraj kusuka mota za pampu. Wakati huo karakana ilikuwa karakana. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa grisi, mtu aliijua mashine yake kwa mlio, na Sikukuu ya Zana ilipofika hakuna aliyethubutu kushika kazi. Bisibisi, nyundo, mizani, mashine ya kukereza vyuma, baiskeli ya mpeleka barua, kila kitu kilioshwa, kikapakwa rojo ya mti wa sandali na unga mwekundu, kikavikwa ua na kuachwa kipumzike. Boga lilipasuliwa mlangoni kufukuza kijicho. Bisi za mchele na dengu ziligawiwa kwenye vipande vya gazeti, na tajiri na mfagiaji walikaa chini pamoja, wakala.

Pampu za bei rahisi zilipoingia sokoni na karakana kuanza kukonda, mzee Rangaraj aligeuza ghorofa ya juu kuwa nyumba ya kupangisha seva. Mtu wa duka, wa shule au wa zahanati alikuwa na mashine yake mle, ndani ya kabati la chuma, kwenye chumba cha baridi, ikilishwa umeme na mtandao bila kukatika, naye akiitumia kutoka aliko. Marudachalam alipandishwa ghorofani kuwa fundi wa kuzipanga mashine hizo. Mteja akija, yeye ndiye aliyeamua inunuliwe diski gani, memori gani, umeme uingie kwa njia gani, ili kitu kimoja kikifa mashine isife nacho.

Sikukuu ya Zana ya kwanza ilipokaribia, mafundi wakaanza kunong'ona. Seva haizimwi. Kazi yake yote ni kutozimwa. Itapumzishwaje?

"Mota zangu zimepumzika," alisema mzee Rangaraj. "Watu wangu wamepumzika. Na hizi zenye vitaa vya kijani ni nani hata zisipumzike? Maruda, tafuta njia."

Akaitafuta. Kila mashine aliyoipanga ilikuwa na visanduku viwili vya umeme mgongoni, na kila kimoja kiliweza kuibeba mashine nzima peke yake. Waya mweusi uliingia laini ya kwanza, iliyotoka kwenye transfoma ya barabara kuu. Waya wa buluu uliingia laini ya pili, iliyotoka kwenye transfoma ya upande wa hekalu. Kila laini ilikuwa na betri zake na jenereta yake. Basi siku ya sikukuu, kabla ya adhuhuri, Marudachalam alishusha swichi ya laini ya kwanza ya kabati. Mashine ikabaki imesimama kwa laini ya pili. Upande uliolala ukafutwa vumbi, ukatiwa alama ya sandali na ua dogo la manjano, kisha swichi ikapandishwa. Halafu zamu ya upande wa pili. Kila mashine ilipumzika nusu kwa nusu, na hakuna mteja aliyejua.

Ilianza kama heshima tu. Lakini mwaka wa pili, aliposhusha swichi ya kwanza, mashine ya duka la sari ilizimika papo hapo: kisanduku chake cha pili kilikuwa kimekufa siku nyingi na hakuna aliyejua. Mwaka wa tatu zikagunduliwa betri zilizovimba. Marudachalam akaelewa kwamba wazee hawakuwa wajinga. Kitu kinachosemwa kipo akiba hakipo mpaka siku utakapokiegemea, na siku nzuri ya kukiegemea ni ile uliyoichagua wewe, mchana kweupe, mafundi wote wakiwa wamesimama karibu na bisi mkononi.

Sasa ndipo aje Subbathal.

Subbathal alikuwa binti wa baba yake mkubwa, mwanamke wa shamba aliyemzidi umri kidogo na kumzidi sauti sana. Aliongoza chama cha wauza maziwa cha vijiji vya upande wa Annur. Asubuhi na alasiri wanawake walileta maziwa kituoni. Kipimo kilipima uzito na mafuta, kikapeleka habari kwenye mashine ya mjini. Mashine ikikubali, maziwa yalimiminwa kwenye tangi la lori. Isipokubali, kipimo kilijifunga na dereva wa lori hakupokea hata tone, na maziwa ya nyati wao wa kufugwa hayajui kusubiri juani. Mashine yao ya zamani, kwenye nyumba nyingine ya seva, ilikuwa imelala mara kadhaa, na Subbathal alikuwa amechoka kutukanwa na wanawake wenzake.

"Nieleze unavyotaka kununua," alimwambia, amekaa kitako kwenye kiti cha ofisi kama yuko uani kwake. "Nieleze pole pole, kama unavyomweleza mkeo."

"Mke wangu nikimweleza hunifukuza jikoni."

"Basi mimi nitakufukuza ofisini kwako. Sema."

Akaanza na diski. Zitakuwa mbili, zote zikiandika maneno yale yale, moja ikifa nyingine inaendelea. Lakini zitanunuliwa maduka mawili, za watengenezaji wawili.

"Kwa nini tusinunue zote duka moja tupunguziwe?"

"Kwa sababu, dada, diski za katoni moja zimezaliwa siku moja kwenye mashine moja. Kama kuna kosa, zote zinalo. Ya kwanza ikifa leo, ya pili itakufia mikononi wiki hii hii, wakati unahangaika kunakili."

"Haya. Na memori hii ghali?"

"Memori ya kawaida ikikosea tarakimu hunyamaza. Lita kumi zinakuwa kumi na nane, na huambiwi. Hii ikikosea hujisahihisha na kukiri kwamba ilikosea."

"Hiyo imemshinda hata mume wangu." Akacheka mpaka vikuku vikalia. Kisha akaacha kucheka ghafla, akaonyesha mchoro wa visanduku viwili vya umeme. "Na hivi? Unasema viwili. Nitajuaje ni viwili, na si kimoja na pambo?"

Swali hilo lilimfurahisha Marudachalam kuliko swali lolote aliloulizwa na wenye shahada. Akaweka kalamu chini.

"Kila Sikukuu ya Zana nitaipumzisha kwa mkono wangu mwenyewe. Upande huu, kisha upande huu. Na siku hiyo utajua mashine ya maziwa ina miguu miwili."

"Umesema?"

"Nimesema."

Hawakuandikiana kitu. Alikuwa amesema, na kwa watu wa rika lao hilo lilitosha.

Alitimiza ahadi mara ya kwanza na ya pili. Halafu mzee Rangaraj akafa, na nyumba ikaingia mikononi mwa mwanawe, Vishakan.

Vishakan hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alikuwa mtoto aliyekua kwenye mabega ya Marudachalam, akimwita mjomba na kumvuta masikio. Alisoma, akazunguka nchi za watu, akarudi anajua hesabu za biashara. Karakana ya chini akaiuza yote, pamoja na mashine ya kukereza aliyoishika babu yake. Mbele ya chumba cha seva akajenga ukumbi wa kioo, wageni wapite wakitazama vitaa vinavyometameta kama wako kwenye duka la vito. Mapokezi akaweka ubao mkubwa wenye tarakimu nyekundu zinazohesabu siku ambazo hakuna mashine iliyozimika. Kila asubuhi tarakimu iliongezeka, na Vishakan aliipita akiitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akikua.

Sikukuu ya kwanza chini ya utawala wake, alimwita Marudachalam. Hakumwita mjomba.

"Mzee Maruda, mwaka huu swichi haziguswi. Maua yatakuwepo, kuhani atakuwepo, picha zitapigwa. Swichi, hapana."

"Sikukuu bila mapumziko ni nini?"

"Ni sikukuu. Wateja wanautazama ule ubao. Ukikosea kidogo tu, unarudi sifuri."

"Ubao unahesabu siku ambazo hatujajaribu kitu."

"Unahesabu siku ambazo mambo yameenda sawa. Na kuna programu inayotuambia kila kisanduku kina umeme au hakina. Hatuhitaji kubahatisha."

"Programu inaona kisanduku kina umeme. Haioni umeme huo unatoka wapi!"

"Basi, mzee wangu. Nimekusikia."

Siku hizi ukitaka kumnyamazisha mtu mzima humtukani. Unamwambia umemsikia.

Mwaka ule alama ya sandali ikatiwa juu ya kioo. Juu ya kioo! Mashine zenyewe hazikuguswa hata kwa kitambaa. Mwaka uliofuata hivyo hivyo, na uliofuata tena. Bisi hazikugawiwa kwenye karatasi wala hakuna aliyekaa chini. Zililetwa zimefungwa kwenye vikopo vyenye jina la kampuni, na kila mtu akaondoka na kikopo chake kama anayechukua dawa. Subbathal hakuuliza kitu. Aliamini kwamba mtu aliyesema amefanya. Naye Marudachalam hakumwambia kwamba hakufanya.

Kisha ukaja mwaka wake wa mwisho kazini. Sikukuu ikipita kabla hajaipumzisha mashine ya maziwa, hataipumzisha tena.

Aliamua. Aliyemwambia uamuzi huo alikuwa mmoja tu, Thilagavathi, mhandisi aliyesimamia chumba pamoja naye, mama wa makamo mwenye ulimi mwepesi.

"Kaka, umebakiza miezi michache. Unataka kuagwa kwa maua au kwa polisi?"

"Maua watatia kwenye kioo."

"Sawa. Lakini fanya mapema, kabla maziwa ya alasiri hayajaanza. Wageni wakitoka tu."

Ulikuwa mpango mzuri, na ungefaa kama Vishakan angejua kunyamaza. Sikukuu iliangukia Alhamisi. Alikuwa amealika watu wa benki, watu wa chemba ya biashara na mpiga picha, na akawahutubia. Kuhani mwenyewe alikuwa amemaliza dua na kafuri imezimika, na hotuba bado inatafuta mlango wa kutokea. Mgeni wa mwisho alipopakiwa kwenye gari lake, Marudachalam alitazama saa. Saa saba na nusu.

"Basi tena," alisema, akakaa.

Hakuna aliyehitaji kumuuliza. Alhamisi, kuanzia saa saba na nusu mpaka saa tisa, ni saa ya Rahu, saa ya nuksi, na mtu wa Kovai haanzi jambo ndani yake. Harusi husimama, mikataba husubiri, na najua daktari wa upasuaji aliyevaa glavu akakaa nazo hivyo mikono juu mpaka saa hiyo ikapita. Marudachalam, aliyeweza kukupasulia mashine kwa macho, hakuwa na moyo wa kushusha swichi saa ya Rahu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta kwa saa nzima na nusu.

Saa tisa ilipogonga, Thilagavathi alimjia.

"Kaka, maziwa yameanza kupimwa. Acha. Utafanya kesho mchana."

"Kesho ni siku ya zana kuanza kazi. Nani anapumzisha zana siku ya kuanza?"

"Basi kesho kutwa!"

"Kesho kutwa itakuwa mapumziko ya nini? Ya uvivu?"

Hapo ndipo alipokosea, na hasira yake ndiyo iliyomkosesha. Angekuwa ametulia angeona kwamba desturi ilitengenezwa kumlinda mwenye maziwa, si mwenye maziwa kuilinda desturi. Lakini miaka mitatu ya sandali juu ya kioo ilikuwa imemkaba shingo, na mtu aliyekabwa hapimi saa. Alikwenda kwenye kabati la mashine ya maziwa, akagusa mlango wake kwa vidole na kuvipeleka machoni kwa heshima, akashusha swichi ya laini ya kwanza.

Kwenye chumba cha seva kuna mvumo usioisha. Ukikaa mle miaka huusikii tena, unasikia tu ukikosekana. Feni za mashine ya maziwa zilivuta pumzi moja ndefu, zikanyamaza. Vitaa vya kijani vikafa vyote kwa pamoja. Upande wa pili wa kioo, kule mapokezi, ubao ukafuta tarakimu zake nyekundu na kuandika sifuri.

"Rudisha! Kaka, rudisha!"

Alikuwa amekwisha kurudisha. Feni zikavuma tena, lakini mashine iliyozimika ghafla haiamki kama mtu aliyeguswa bega. Ilianza kujikagua mwanzo mpaka mwisho. Na diski ya kwanza, iliyokuwa ikizunguka tangu iliponunuliwa bila kusimama, iliposimamishwa haikukubali kuzunguka tena. Iligonga tu ndani, tk, tk, tk, kama mzee anayetafuta ufunguo. Ile ya pili, ya mtengenezaji mwingine na duka jingine, ikaamka, ikabeba kila kitu. Hakuna neno lililopotea. Lakini kujikagua kulikuwa kwa saa nyingi.

Mgongo wa kabati lile ulikuwa umefunikwa kwa ubao wa mapambo uliofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa mapokezi. Marudachalam hakuungoja. Aliung'oa ubao kwa bisibisi. Wakatazama, na Thilagavathi akajishika kichwa.

Waya mweusi na waya wa buluu vilikuwa vimelazwa pamoja, vimefungwa kwa vibanio vya plastiki kila shubiri moja, vizuri mno, vimenyooka kama nywele za mtoto aliyesukwa kwa ajili ya shule. Vyote viwili vilikwenda kuchomekwa kwenye bao moja la soketi. Laini ya kwanza. Soketi za laini ya pili zilikuwa tupu, zimejaa vumbi.

"Wale wapambaji," alisema Thilagavathi taratibu. "Walipojenga kioo. Waya wa buluu ulikuwa unakatiza mbele, wakaona unaharibu sura."

Miaka mitatu! Miaka mitatu mashine ya vijiji vizima ilisimama kwa mguu mmoja, na programu ikasema kila kisanduku kina umeme, na haikudanganya. Marudachalam alivuta waya wa buluu, akauchomeka unakostahili. Simu ikalia.

"Maruda!" Ilikuwa Subbathal, na nyuma yake kelele za wanawake. "Vipimo vimejifunga vituo vyote. Malori yamesimama. Umeme umekatika huko?"

"Haukukatika. Nimeishusha mimi."



"Umeishusha wewe," alisema Subbathal. "Saa ya maziwa."

"Dada, sikiliza, ile miguu miwili..."

"Mimi nina ndoo hapa zimepangwa juani mpaka barabarani, wewe unaniambia miguu!" Akakata.

Malori yaliondoka matupu. Wenye mitungi ya kutosha waligandisha mtindi, wengine walikanda siagi, na wengi walimwaga kwenye mfereji wa minazi huku wakimlaani mtu wasiyemjua jina.

Jumamosi Subbathal alikuja mjini na wanawake wawili wa chama. Kabla hawajaingia, Vishakan alimvuta Marudachalam pembeni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimwita vile alivyomwita utotoni.

"Mjomba, sikia. Waya zimerekebishwa. Tuseme ni hitilafu ya umeme wa mji. Nao watasahau, wewe utamaliza miezi yako kwa heshima, tutakuaga vizuri. Nyamaza tu. Sikuombi useme uongo. Uongo nitasema mimi."

Ofa kama hiyo baba yake asingeitoa hata angewekewa kisu shingoni. Lakini ilitolewa kwa upole, na mtoto aliyeitoa alikuwa na macho ya Rangaraj, na Marudachalam akaingia kwenye mkutano.

Vishakan alieleza vizuri. Transfoma, joto, mzigo wa sikukuu. Wanawake wawili walianza kutikisa vichwa kukubali. Subbathal alikuwa anamtazama Marudachalam.

"Wewe uliniambia umeishusha wewe."

"Nimeishusha mimi," alisema Marudachalam, na sauti yake ikapanda mpaka wasichana wa mapokezi wakageuka. "Nimeishusha kwa mkono wangu, saa ya maziwa, kwa sababu saa yake nzuri ililiwa na hotuba. Hilo ni kosa langu, mnitukane. Lakini ikazimika kwa sababu waya zote mbili zilikuwa kwenye laini moja! Miaka mitatu. Na miaka hiyo mitatu sikuipumzisha hata mara moja, nilikatazwa nikakubali kukatazwa, na sikukwambia. Ungekatika umeme wa barabara kuu usiku mmoja, jenereta ikagoma na betri zikaisha, mngelala bila mashine na hakuna ambaye angejua aanzie wapi. Umeme wa mji haukufanya kitu. Umeme wa mji usisingiziwe!"

"Mzee Maruda," alisema Vishakan, amegeuka rangi, "umemaliza kazi hapa."

"Nimemaliza tangu mlipoanza kupaka sandali vioo."

Subbathal alinyoosha mkono, wote wakanyamaza.

"Wewe," alimwambia Marudachalam, "una kichwa cha nyati. Nyati anajua saa ya kukamuliwa, wewe hujui. Wanawake wangu wamemwaga maziwa kwa sababu ya ukaidi wako, na nikifika nyumbani nitamwambia mkeo kila kitu." Kisha akamgeukia Vishakan. "Na wewe, mwanangu. Kumbe nilikuwa na kimoja na pambo."

"Mama, sasa ni viwili. Nakuhakikishia."

"Aliyenihakikishia mara ya kwanza alikuwa mkweli kuliko wewe, na bado nimemwaga maziwa. Sitaki uhakika. Nitakuja hapa kila mwezi, mchana, kati ya maziwa na maziwa. Mtashusha swichi nikiwa nimesimama. Hamtaki, natoa mashine yangu leo hii, nina gari nje."

Vishakan alitazama ubao wa mapokezi kupitia kioo. Ulikuwa umeandika mbili. Akakubali.

Marudachalam hakuagwa kwa maua wala kwa polisi. Alipewa mfuko wa vitu vyake getini, na mlinzi aliyempigia saluti miaka yote akaambiwa asimruhusu kuingia tena. Thilagavathi alilia kidogo, akamwambia ni ng'ombe dume mpumbavu, akarudi kazini.

Siku ya kwanza ya kushusha swichi ilipofika, alikaa barazani kwake na simu gotini tangu baada ya kifungua kinywa cha idli. Mkewe alimpitia mara mbili na ufagio na mara zote mbili akafagia miguu yake makusudi. Mchana simu ikalia.

"Niko ndani," alisema Subbathal. "Huyu binti wa kuitwa Thilaga ameshika swichi. Bwana wao naye yupo, amevaa tai kama anazikwa. Haya, binti, shusha."

Marudachalam aliibana simu sikioni. Akasikia mlio mkavu wa swichi. Nyuma yake ule mvumo, haukukatika.

"Inavuma," alisema Subbathal. "Unasikia? Imesimama."

"Mmeshusha ipi?"

"Ya kwanza."

"Sasa rudisheni hiyo, mshushe ya pili."

Akamsikia Vishakan kwa mbali: "Mama, imetosha. Tumeona inafanya kazi. Ya pili mwezi ujao."

Marudachalam alisimama. Alipiga kelele mpaka mkewe akatoka na ufagio mkononi. "Imetosha nini? Nusu ya kazi siku hizi ndiyo kazi? Dada, usitoke hapo! Hujui kitu bado! Umejua mguu mmoja tu!"

"Usinipigie kelele, sijatoka," alisema Subbathal. Kisha akawageukia wa huko ndani, kwa sauti ya kunyamazisha malori: "Wewe kijana, sogea. Binti, rudisha hiyo. Vitaa vimerudi? Haya. Shusha ya pili."

Swichi ikalia. Marudachalam alifumba macho. Mvumo ulikuwa pale pale, haukupanda wala kushuka, kama mtu aliyelala usingizi mzito akahamishiwa bega jingine bila kuamka.

"Umesikia?" aliuliza Subbathal.

Alizidi kuibana simu sikioni.

"We Maruda! Umelala?"

"Sijalala," alisema kwa ukali. "Nyamaza kidogo, nisikilize."